PAUL EHRLICH: BWANA RANGI ALIYETAFUTA RISASI ISIYOKOSEA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kama umewahi kupelekwa kliniki ukaambiwa ukohoe kwenye kikopo ili makohozi yako yapimwe kifua kikuu, au kama umewahi kutiwa jichoni dawa ya manjano kisha daktari akakumulika kwa taa ya buluu, basi wewe tayari una deni kwa mtu ambaye nataka kukusimulia habari zake. Huyo mtu alikufa mwaka 1915 na hakuwahi kufika Kenya. Jina lake ni Paul Ehrlich, daktari wa Ujerumani.

Wengi wetu tunawajua akina Louis Pasteur na Alexander Fleming. Huyu Ehrlich hutajwa kwa mstari mmoja hivi, halafu tunafungua ukurasa. Mimi naona hiyo si haki. Siku hizi kuna wanasayansi wanaoshughulika na chembe ndogo sana za kaboni zinazong'aa. Wanataka chembe hizo ziingie mwilini, zionyeshe ugonjwa ulipo, na papo hapo ziutibu. Ukisikia hivyo utadhani wazo lenyewe limezaliwa juzi. Kumbe mwenye wazo hilo alishazikwa zamani! Hebu tumfuate tangu utotoni.

KUZALIWA NA MASOMO

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia. Wakati huo mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Leo uko katika nchi ya Poland na unaitwa Strzelin. Wazazi wake, Ismar na Rosa, walikuwa Wayahudi. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na alitengeneza vileo vya kuuza. Hawakuwa maskini wa kulala njaa, wala hawakuwa matajiri wa kutajika.

Alipokuwa mkubwa kidogo alipelekwa shule katika jiji la Breslau. Huko hakuwa yule mwanafunzi wa kupigiwa makofi kila siku ya kufunga shule. Alipenda hesabu na Kilatini, lakini mitihani aliichukia kama paka anavyochukia maji. Insha ndizo zilizomsumbua zaidi. Inasimuliwa kwamba katika mtihani wa mwisho waliambiwa waandike insha juu ya maisha kuwa ndoto. Wenzake waliandika maneno matamu ya kugusa moyo. Yeye akaandika kwamba maisha ni kuungua polepole kwa chakula na oksijeni mwilini, na kwamba ndoto ni kama mwanga unaong'aa ubongoni wakati ubongo unapofanya kazi. Waalimu hawakufurahi hata kidogo, na maksi zilikuwa za kusikitisha. Lakini angalia vizuri, msomaji. Kijana huyo alikuwa tayari anaufikiria mwili kwa njia ya kemia na mwanga.

KIJANA MWENYE VIDOLE VYA RANGI

Kabla sijaendelea, lazima nieleze kidogo habari za rangi. Mwaka 1856, Ehrlich akiwa mtoto wa miaka miwili tu, kijana mmoja Mwingereza aitwaye William Henry Perkin alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Alikuwa na miaka 18, yaani umri wa ndugu zetu wa Kidato cha Nne. Alianzia na kemikali inayotokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipousafisha ukatoa rangi nzuri ya zambarau. Basi hapo ndipo viwanda vya rangi vilipoanza, na Wajerumani wakawa mabingwa wa kazi hiyo. Kutoka kwenye lami chafu kukatoka nyekundu, buluu, manjano na kijani za kila namna.

Ehrlich alikuwa na jamaa yake wa upande wa mama, Karl Weigert, ambaye alikuwa daktari. Weigert alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia rangi hizo kupaka vipande vyembamba vya mwili ili vionekane vizuri katika hadubini. Kijana Paul alipoona mambo hayo, moyo wake ulitekwa. Alisomea udaktari Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig, na kila alikokwenda meza yake ilijulikana kwa madoa. Wenzake walikariri majina ya mifupa. Yeye alikuwa amejifungia na chupa zake, vidole vyekundu leo, buluu kesho.

Inasimuliwa pia kwamba siku moja Robert Koch, ambaye baadaye alikuja kuwa maarufu sana, alitembelea maabara ya Breslau. Akaonyeshwa kijana aliyekuwa pembeni na rangi zake, akaambiwa kwamba huyo ni hodari wa kupaka rangi lakini mitihani hataipita kamwe. Waliosema hivyo waliaibika. Mwaka 1878 Ehrlich alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Leipzig, na tasnifu yake ilikuwa juu ya rangi hizo hizo.

Sasa, ni nini kilichomvutia hivyo? Lilikuwa swali moja rahisi. Ukimwaga chai kwenye shati la shule, doa linashika na mama anagomba. Ukiimwaga kwenye sahani, unaosha inatoka. Kwa nini basi rangi ishike hapa na isishike pale? Ehrlich aliona kwamba ndani ya mwili ni vivyo hivyo. Rangi moja inashika seli ya aina hii na kuipita ya jirani. Rangi nyingine inashika kijidudu na kuuacha mwili. Aliamini kwamba seli na vijidudu vina kama vishikio vya kikemia, na kila kishikio kina kitu kinachokitosha, kama kufuli na ufunguo wake. Swali hilo hakuliacha mpaka kufa kwake.

KAZI YA BERLIN

Baada ya kuhitimu aliajiriwa katika hospitali ya Charité, mjini Berlin. Kwa kutumia rangi zake alizitenga chembe nyeupe za damu katika aina mbalimbali. Kabla ya hapo kuzitofautisha kulikuwa kugumu. Leo fundi wa maabara anapohesabu aina za chembe nyeupe za damu yako, anafuata njia aliyoianza Ehrlich.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya madaktari wa Berlin akatangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ehrlich alikuwa ndani ya chumba hicho. Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye chupa zake, maana njia ya Koch ya kupaka rangi ilikuwa nzito na ilichukua karibu siku nzima. Inasemekana aliacha vioo vyake juu ya jiko lililozima ili vikauke, na asubuhi mtu akawasha jiko bila kujua. Ehrlich alipokuja alidhani kazi imeharibika. Kumbe joto limesaidia rangi kushika! Aligundua pia kwamba kijidudu hicho kikishashika rangi hakiiachi hata kikioshwa kwa asidi, ilhali vitu vingine vyote vinaachia. Madaktari Ziehl na Neelsen waliirekebisha njia hiyo, na mpaka leo ingali inatumika katika zahanati nyingi. Vijidudu vya kifua kikuu huonekana kama vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu. Maabara nyingine hutumia rangi inayong'aa, na vijiti hivyo huonekana kama nyota gizani.

Mwaka huo huo wa 1882 alifanya jambo jingine. Aliwadunga sungura rangi iitwayo fluoresini, ambayo hung'aa kijani ikimulikwa, ili aone maji ya ndani ya jicho yanavyopita. Ile dawa ya manjano niliyoitaja mwanzoni ndiyo hiyo. Penye mkwaruzo jichoni rangi inashika, na taa ya buluu inaufanya mkwaruzo ung'ae kijani.

Mwaka 1883 alimwoa Hedwig Pinkus, nao walijaliwa mabinti wawili, Stephanie na Marianne. Miaka iliyofuata aliendelea kudunga wanyama rangi. Aliona kwamba nyingine zilienea mwili mzima lakini ubongo ukabaki mweupe, kana kwamba una mlinzi mlangoni. Aliona pia kwamba rangi ya buluu ya methilini inazishika seli za neva zikiwa bado hai. Hilo la pili lilimpa wazo kubwa. Ikiwa rangi inaweza kuingia katika mwili ulio hai, ikakitafuta kitu kimoja na kukishika, je, haiwezi kwenda na sumu ya kukiua kijidudu huku mwili ukibaki salama? Dawa ya namna hiyo Ehrlich aliifananisha na risasi isiyokosea: inampata adui tu, raia hawaguswi.

UGONJWA NA RISASI YA KWANZA

Hujafa hujaumbika. Mwaka 1888 Ehrlich alipima makohozi yake mwenyewe kwa njia aliyoitengeneza mwenyewe. Akaona vile vijiti vyekundu. Alikuwa na kifua kikuu. Wakati huo dawa ya kuuponya haikuwapo, ila kutafuta hewa kavu na kupumzika. Alikwenda Misri na mkewe, akakaa huko mpaka mwaka 1889 alipopata nafuu na kurudi Berlin. Hakuwa tena na kazi. Alifungua maabara ndogo ya kwake mwenyewe. Baadaye Koch, yule yule aliyeonyeshwa kijana wa rangi miaka ya nyuma, alimpa nafasi katika taasisi yake.

Mwaka 1891 Ehrlich na mwenzake Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria buluu ya methilini. Walikuwa wameona kwamba rangi hiyo inawashika vimelea vya malaria katika kioo. Basi wakajaribu, na wagonjwa wakapata nafuu, ingawa mkojo wao lazima uliwashangaza, maana dawa hiyo hutoa mkojo wa kijani au buluu! Kwinini ilibaki kuwa dawa bora zaidi wakati huo. Lakini fikiria mwenzangu: Perkin alitafuta dawa ya malaria akapata rangi, na miaka 35 baadaye Ehrlich alichukua rangi akaifanya dawa ya malaria. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza malaria ya binadamu kutibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kiwandani.

Katika miaka hiyo alimsaidia pia Emil von Behring katika dawa ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto kooni. Dawa ilitolewa katika damu ya farasi, lakini nguvu yake haikutabirika: leo kali, kesho hafifu. Ehrlich alitengeneza kipimo ili kila chupa ijulikane nguvu yake. Behring alipata utajiri na Tuzo ya Nobel ya kwanza ya tiba mwaka 1901. Urafiki wao uliharibika. Tuzo ya Ehrlich ilikuja mwaka 1908, akagawana na Mrusi Ilya Mechnikov, kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili.

MZEE WA SIGARA NA KADI ZA RANGI

Tangu mwaka 1899 Ehrlich alikuwa mkuu wa taasisi katika jiji la Frankfurt. Mwaka 1906 mjane mmoja tajiri, Franziska Speyer, alitoa pesa ikajengwa nyumba ya utafiti ya Georg-Speyer-Haus, kwa jina la marehemu mume wake. Huko Ehrlich alikuwa kama samaki aliyerudishwa majini.

Alikuwa na vituko vyake. Alivuta sigara nene kama 25 kwa siku, na alitembea na kasha la sigara kwapani (usimwige, hilo halikumsaidia). Ofisi yake ilijaa vitabu na karatasi mpaka mgeni alikosa pa kukaa. Kila mfanyakazi alipata asubuhi kadi za rangi zenye maagizo ya siku hiyo. Jioni alisoma hadithi za wapelelezi. Na kweli kazi yake yenyewe ilikuwa ya upelelezi: kumtafuta mhalifu mmoja ndani ya umati wa seli bila kuwakamata wasio na hatia.

MACHO YALIYOPOTEA ZIWA VICTORIA

Sasa hadithi inafika karibu na kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulizuka pande za Ziwa Victoria, katika Busoga na visiwa vya Uganda, ukaenea mpaka upande wetu wa ziwa. Unaletwa na kimelea aitwaye tripanosoma, ambaye husambazwa na mbung'o. Watu zaidi ya laki mbili walikufa nchini Uganda. Vijiji vizima vilibaki mahame.

Mwaka 1904 Ehrlich na Mjapani Kiyoshi Shiga walikuwa wamepata rangi nyekundu iliyoponya panya wenye tripanosoma. Kwa binadamu haikufaa. Ndipo ikasikika dawa iitwayo Atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Mwaka 1906 Koch alifika visiwa vya Ssese akaanza kuwadunga wagonjwa dawa hiyo. Wengi walionekana kupata nafuu. Koch akaongeza kipimo ili ugonjwa uishe kabisa. Hapo baadhi ya wagonjwa walianza kuona kiza, na hatimaye wakawa vipofu kabisa, maana aseniki ilikuwa imeua neva za macho.

Mimi hapa husimama kidogo. Majina ya Koch na Ehrlich tunayajua, lakini majina ya hao waliopoteza macho pale Ssese hayamo vitabuni mwetu. Risasi ilimpiga adui, ikampiga na mwenye nyumba.

Habari za macho yale zilimfikia Ehrlich. Hakusema kwamba dawa ni nzuri na wachache lazima waumie. Mwaka 1907 yeye na mkemia wake, Alfred Bertheim, walionyesha jinsi Atoxyl ilivyojengwa hasa, na kwamba watu walikuwa wamekosea umbo lake. Hiyo ilikuwa na maana kubwa. Ukijua nyumba imejengwaje, unaweza kubadilisha chumba kimoja bila kuibomoa yote. Wakaanza kubadilisha kipande hapa, kipande pale, na kila kemikali mpya ikapewa nambari. Kila moja ilipimwa kwa wanyama kwa maswali mawili: ni kiasi gani kinachoua kijidudu, na ni kiasi gani kinachomdhuru mnyama? Kama viasi hivyo viwili viko karibu, dawa inatupwa. Kama viko mbali, inabaki. Mpaka leo hakuna dawa inayoruhusiwa duniani bila kujibu maswali hayo.

NAMBARI 606

Kemikali iliyopewa nambari 606 ilitengenezwa mwaka 1907. Msaidizi mmoja akaipima, akasema haifai, ikawekwa kabatini. Mwaka 1909 alikuja Frankfurt Mjapani mwingine, Hata Sahachiro, mtu mtulivu na mwenye subira. Alikuwa amejifunza kuwaambukiza sungura kaswende, ugonjwa wa zinaa ambao kijidudu chake kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1905. Kaswende wakati huo ilikuwa kama Ukimwi ulivyokuja kuwa katika miaka ya 1980 na 1990. Ilileta aibu, wazimu, watoto kuzaliwa wagonjwa, na kifo. Dawa yake ilikuwa zebaki, ambayo iling'oa meno na kuharibu figo.

Ehrlich alimwambia Hata apime upya kemikali zote, hata zile zilizotupwa. Tarehe 31 Agosti 1909 Hata alimdunga sungura mwenye kidonda kikubwa ile nambari 606. Kesho yake walitazama kwa hadubini. Vijidudu hai havikuonekana hata kimoja! Kidonda kikakauka, kikapona katika muda wa kama mwezi mmoja.

Walitangaza mwezi Aprili 1910 mjini Wiesbaden. Madaktari wakaja Frankfurt kutoka kila pembe kuomba dawa. Ehrlich hakuwa na haraka ya kuuza. Kwanza aligawa bure dozi 65,000 kwa madaktari, kwa sharti kwamba wamletee habari za wagonjwa wao, nzuri na mbaya. Ndipo kiwanda cha Hoechst kikaanza kuiuza kwa jina la Salvarsan.

Lakini msitu mpya haukosi nyoka. Dawa ilikuwa unga wa manjano uliofungwa ndani ya chupa isiyo na hewa, kwa sababu hewa iliigeuza kuwa sumu zaidi. Kuitayarisha kulitaka uangalifu, na si madaktari wote waliokuwa waangalifu. Wagonjwa wengine walidhurika, na wengine walikufa. Ehrlich alifuatilia kila habari mbaya. Mwaka 1912 alitoa nambari 914, iliyokuwa rahisi zaidi kutumia. Hata hivyo maadui hawakukosekana. Wengine walisema anatajirika kwa damu ya watu, wengine walidai kaswende ni adhabu ya Mungu isiyofaa kutibiwa, na wengine walimchukia kwa kuwa ni Myahudi tu. Mwaka 1914 kesi ilisikizwa Frankfurt, na mwandishi aliyeeneza shutuma, Karl Wassmann, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Ehrlich alishinda, lakini mwili wake ulikuwa umechoka.

KUFA KWAKE NA YALIYOFUATA

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, yeye pia alitia sahihi tangazo la wasomi 93 waliotetea jeshi la Ujerumani. Mtu akisimulia maisha ya mwingine asifiche hata hilo. Ehrlich alikufa tarehe 20 Agosti 1915 mjini Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi mjini Frankfurt.

Nazi walipotawala Ujerumani, jina lake liliondolewa kwenye barabara ya Frankfurt iliyokuwa na jina hilo. Mkewe Hedwig alilazimika kuihama nchi ambayo mumewe aliitumikia, akafia Marekani mwaka 1948. Baada ya vita jina likarudishwa, na kuanzia mwaka 1990 sura yake ilichapishwa kwenye noti ya marki 200, mpaka euro ilipoingia mwaka 2002.

Salvarsan yenyewe ilipumzishwa na penisilini katika miaka ya 1940. Na ile rangi nyekundu iliyoshindwa kwa binadamu? Watengenezaji wa dawa Wajerumani walizifuata rangi za ukoo huo, wakapata suramini mwaka 1916, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kutibu malale ya Afrika Mashariki. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Safari hiyo ni ndefu, na sehemu yake ilianzia kwenye chupa za rangi.

MASIZI YANAYONG'AA

Sasa turudi kwa zile chembe za kaboni. Mwaka 2004 wanasayansi wa South Carolina, Marekani, walikuwa wakisafisha masizi maalumu kwa kutumia umeme. Ghafla wakaona sehemu ya masizi inang'aa ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno. Hawakuwa wakiitafuta. Chembe hizo ni ndogo kuliko nanomita 10. Ukizipanga mstari chembe za nanomita 10, milimita moja ya rula yako itajaa chembe 100,000! Siku hizi hutengenezwa hata kwa kuchemsha sukari, asidi ya limau, au maji ya machungwa katika chombo kilichofungwa.

Watafiti walizipenda kwa sababu chembe nyingine zinazong'aa huwa na kadimi, metali yenye sumu. Kaboni ni ile ile iliyo katika makaa na katika miili yetu. Katika maabara chembe hizi huingia ndani ya seli, zikamulikwa, seli ikaonekana wazi. Wengine huzifunga pamoja na dawa ya saratani ili zionyeshe na kutibu kwa wakati mmoja. Wengine huzimulika ili zigeuze oksijeni iliyo karibu kuwa kali na kuiua seli ya saratani. Majaribio mengi yamefanywa kwa seli na kwa panya, na bado chembe hizi hazijawa dawa ya kawaida hospitalini.

Je, hilo linakukumbusha nini? Perkin alianza na lami ya makaa ya mawe, hawa wameanza na masizi. Ehrlich aliuliza kwa nini rangi inashika hapa na si pale, nao wanauliza swali hilo hilo. Zikiingia mwilini zitakwenda kwenye uvimbe tu, au zitatuama katika ini? Figo zitazitoa zote? Kiasi kinachotibu kiko mbali kiasi gani na kiasi kinachodhuru? Kitu kikiitwa kaboni si kwamba kimeshakuwa salama. Jina Atoxyl nalo lilitungwa kumaanisha dawa isiyo na sumu, na waliojua ukweli wa jina hilo ni watu wa Ssese.

Ndugu zangu wanafunzi na waalimu wetu wapendwa, baada ya kusoma maisha ya mzee huyu mimi sivutiwi sana na hiyo 606 ambayo kila mtu huitaja. Kinachonivutia ni zile dozi 65,000 alizozitoa bure akitaka aletewe habari mbaya pamoja na nzuri, na ile kemikali iliyotupwa kabatini ambayo alikubali ipimwe upya. Na wewe mwenzangu ambaye insha yako imerudi imejaa wino mwekundu, usikate tamaa. Lakini usiitupe. Irudie uone ni wapi palipokosewa, kwa maana hivyo ndivyo Ehrlich alivyofanya kazi yake mpaka mwisho.